Kwa nini aljebra huwatatiza wanafunzi: Utafiti unavyofundisha walimu wa Migori na Homa Bay

KATIKA fuo za Ziwa Victoria, kuanzia Mbita na Sindo katika Kaunti ya Homa Bay hadi Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, si ajabu kumpata mtoto wa shule ya msingi akikokotoa kichwani faida ya kuuza makopo kadhaa ya omena bila kupoteza hata shilingi moja. Miaka michache baadaye, mtoto yuyo huyo akiandikiwa ubaoni 150x + 200 = 1,700, hushika kalamu asijue pa kuanzia.

Hata hivyo, maswali hayo mawili yanaweza kuwa swali moja. Mchuuzi akinunua makopo ya omena kwa Sh150 kila kopo, akalipa nauli ya Sh200, na akawa ametumia Sh1,700 kwa jumla, idadi ya makopo ndiyo x. Ukiondoa nauli zinabaki Sh1,500, na ukizigawanya kwa Sh150 unapata makopo 10.

Pengo lililo kati ya hesabu ya sokoni na hesabu ya ubaoni ndilo limewashughulisha watafiti wa elimu ya hisabati kwa zaidi ya nusu karne. Matokeo ya utafiti huo yanaonyesha kwamba makosa mengi ya wanafunzi katika aljebra hayatokani na uvivu wala upungufu wa akili. Yanatokana na maana ambazo mwanafunzi amezipa herufi na alama bila mwalimu wake kujua.

Uzito wa somo lenyewe

Hisabati ni somo la lazima katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, KCSE, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4. Mtahiniwa hufanya karatasi mbili, kila moja ikiwa na alama 100 na muda wa saa mbili na nusu. Katika baadhi ya maswali haruhusiwi kutumia kikokotoo wala majedwali ya hesabu, hivyo hutegemea uwezo wake mwenyewe wa kurahisisha na kutatua.

Katika utaratibu wa kukokotoa gredi ulioanza kutumika mwaka wa 2023, hisabati ilibaki kuwa miongoni mwa masomo ambayo mtahiniwa hawezi kuyaepuka, pamoja na lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi.

Aljebra imetapakaa kote katika silabasi hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza alijifunza kurahisisha semi zenye herufi pamoja na milinganyo sahili. Katika kidato cha pili alikutana na semi na milinganyo ya kipeo cha pili. Katika kidato cha tatu huja matriki, fomula na mabadiliko ya uwiano. Anayeteleza katika hatua ya kwanza hubeba mzigo huo hadi mwisho, na huubeba pia katika fizikia na kemia, ambako kila fomula ni aljebra.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anayekosa masomo kwa wiki chache hupoteza zaidi ya mada moja. Katika kaunti hizi mbili, uvuvi, machimbo ya dhahabu ya Migori na mashamba ya tumbaku vimejulikana kwa muda mrefu kuwavuta watoto kutoka darasani. Mtoto anayerejea shuleni baada ya msimu wa mavuno aweza kuikuta historia au jiografia ikiwa katika sura mpya na akaifuata. Akikosa wiki ambapo herufi zilianza kutumika, kila somo linalofuata huwa kitendawili.

Herufi zilikotoka

Aljebra haikuanza na herufi. Mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi mjini Baghdad, aliandika mnamo mwaka wa 820 kitabu ambacho jina lake lilikuwa na neno la Kiarabu al-jabr, lenye maana ya kurejesha au kuunga kilichovunjika. Neno hilo ndilo lililozaa jina la somo hili. Kitabu chote kiliandikwa kwa maneno matupu, na kiasi kisichojulikana kiliitwa tu "kitu".

Alama ya usawa ilitumiwa kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichochapishwa na Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, mwaka wa 1557. Matumizi ya herufi kwa utaratibu kamili, kwa viasi vinavyojulikana na visivyojulikana, yalikuja na Mfaransa François Viète mwaka wa 1591. Kwa maneno mengine, wataalamu walihitaji zaidi ya miaka 700 kutoka katika maneno hadi kufikia herufi. Mwanafunzi anayeanza aljebra hutakiwa kufanya safari hiyo katika vipindi vichache.

Herufi si kitu, ni idadi

Mojawapo ya tafiti zilizotajwa sana kuhusu suala hili ni ule uliofanywa Uingereza katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa kuchunguza dhana za hisabati na sayansi katika shule za upili. Dietmar Küchemann, aliyeshughulikia sehemu ya aljebra, alichunguza majibu ya maelfu ya wanafunzi na kubaini kwamba walizitumia herufi kwa njia sita tofauti.

Baadhi yao waliipa herufi thamani yoyote papo hapo. Wengine waliipuuza kana kwamba haipo. Wengine waliichukua kuwa jina la kitu au kitu chenyewe. Kundi la nne liliiona kuwa nambari moja isiyojulikana, la tano likaiona kuwa nambari inayoweza kuwa na thamani nyingi, na la sita likaitambua kuwa kiasi kinachobadilika. Ni wanafunzi wachache tu waliofikia njia mbili za mwisho, ilhali hizo ndizo ambazo aljebra ya juu huzihitaji.

Njia ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa, kwa kuwa mara nyingi huletwa na mwalimu mwenyewe kwa nia njema. Ili kueleza kwa nini 3m + 2n haiwezi kufupishwa, mwalimu husema kwamba m ni maembe na n ni mananasi, na kwamba maembe matatu na mananasi mawili hayawezi kuchanganywa. Mfano huu huonekana kufaulu siku hiyo.

Tatizo hujitokeza wiki inayofuata. Iwapo m ni embe na n ni nanasi, mn ni nini? Hakuna mtu aliyewahi kuzidisha embe kwa nanasi. Aidha, mwanafunzi anayefikiria matunda huona kwamba matunda matano yapo kapuni, basi huandika 5mn bila wasiwasi. Maelezo sahihi ni kwamba m ni idadi ya maembe, au bei ya embe moja, yaani nambari. Kuzidisha nambari kwa nambari kuna maana, hata pale ambapo nambari hizo hazijajulikana.

Mtumbwi na wavuvi

Hatari ya kuichukua herufi kuwa kitu ilidhihirika pia nchini Marekani. Mtafiti John Clement na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi sentensi isemayo kwamba katika chuo fulani idadi ya wanafunzi ni mara sita ya idadi ya maprofesa, kisha wakawataka waiandike kwa herufi. Zaidi ya thuluthi moja ya wanafunzi hao walikosea, na wengi wao waligeuza mlinganyo juu chini.

Swali hilo linaweza kuulizwa vivyo hivyo katika ufuo wa ziwa. Tuseme kila mtumbwi hubeba wavuvi wanne. Iwapo w ni idadi ya wavuvi na m ni idadi ya mitumbwi, mlinganyo ni upi?

Wengi huandika 4w = m, kwa kuwa jicho husoma "wavuvi wanne, mtumbwi mmoja". Jibu sahihi ni w = 4m. Njia ya kulithibitisha ni nyepesi: iwapo mitumbwi ni 10, wavuvi ni 40, na 40 ni sawa na 4 mara 10. Ukiweka nambari hizo katika mlinganyo wa kwanza utapata kwamba 160 ni sawa na 10, jambo lisilowezekana.

Funzo la utafiti huu ni kwamba mwanafunzi aliyekosea hakukosa kuelewa hadithi. Alijua vyema kuwa wavuvi ni wengi kuliko mitumbwi. Alikosa kuelewa kwamba w haimaanishi "mvuvi". Mwalimu anayetia alama ya kosa na kuendelea mbele hajaligusa tatizo.

Alama ya usawa

Chanzo cha pili cha matatizo ni alama ya usawa yenyewe. Tangu gredi ya kwanza, mtoto huiona mwishoni mwa hesabu, kisha huandika jibu. Mtafiti Carolyn Kieran wa Kanada alionyesha mwaka wa 1981 kwamba watoto wengi, na hata wanafunzi wa madarasa ya juu, huichukua alama hiyo kuwa amri ya kutoa jibu badala ya kuwa ishara kwamba pande mbili zina thamani moja.

Jaribio linalofahamika sana ni la kumwomba mtoto ajaze pengo katika 8 + 4 = __ + 5. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1999, wengi waliandika 12, na wengine 17. Jibu sahihi ni 7. Mwalimu yeyote mjini Rongo au Oyugis anaweza kuliandika swali hilo ubaoni asubuhi moja na, katika muda wa dakika tano, kujua hali ya darasa lake.

Asiyeielewa alama ya usawa hulazimika kukariri kanuni. Kanuni maarufu kuliko zote ni ile ya kuhamisha nambari ng'ambo na kubadilisha alama yake. Kanuni hiyo huleta jibu katika x + 3 = 12, lakini mwanafunzi akiitumia katika 3x = 12 huandika x = 12 - 3 na kupata 9. Hajui kwamba kinachofanyika kwa hakika ni kutenda jambo lile lile kwa pande zote mbili, yaani kutoa 3 katika swali la kwanza na kugawanya kwa 3 katika la pili.

Mizani yenye vitanga viwili ni kifaa kinachotumiwa na walimu wengi kufafanua jambo hili. Ukiondoa uzito upande mmoja sharti uondoe uzito ule ule upande wa pili, la sivyo mizani itainama. Hata hivyo, mfano huu una mpaka wake. Mlinganyo x + 7 = 3 una jibu hasi, na hakuna uzito hasi unaoweza kuwekwa kwenye kitanga. Mwalimu anapaswa kujua wakati wa kuiweka mizani kando.

Pale hesabu ya kichwa inapogota

Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985, Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann waliwafuatilia watoto wachuuzi wa mji wa Recife nchini Brazil. Walipouziwa na kuulizwa bei sokoni, watoto hao walipata majibu sahihi kwa takriban asilimia 98. Walipopewa hesabu zizo hizo zikiwa zimeandikwa bila hadithi yoyote, walifaulu kwa asilimia 37 hivi.

Ugunduzi huo una maana kwa watoto wa Mbita, Kendu Bay na Awendo. Unaonyesha kwamba uwezo upo tayari kabla ya somo kuanza, na kwamba shule isipoutumia huupoteza. Lakini hesabu ya sokoni peke yake haitoshi.

Watafiti Eugenio Filloy na Teresa Rojano wa Mexico walieleza sababu mwaka wa 1989. Mlinganyo wenye herufi upande mmoja tu, kama ule wa omena, unaweza kutatuliwa kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua: toa nauli, kisha gawanya. Hiyo bado ni hesabu ya kawaida. Herufi inapotokea pande zote mbili, hakuna pa kuanzia kurudi, na mwanafunzi hana budi kuishughulikia herufi yenyewe kama nambari.

Mfano wake ni nauli ya bodaboda. Mwendeshaji wa kwanza hutoza Sh50 za kuanzia safari na Sh20 kwa kila kilomita. Wa pili hutoza Sh30 kwa kila kilomita bila ada ya kuanzia. Ni katika umbali gani nauli zao zinalingana? Mlinganyo ni 50 + 20k = 30k. Ukiondoa 20k pande zote mbili inabaki 50 = 10k, hivyo umbali ni kilomita tano na nauli ni Sh150. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini ameondoa 20k amevuka mto uliowashinda wengi.

Suala la lugha

Sera ya elimu nchini inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao, kisha Kiingereza kichukue nafasi katika madarasa ya juu. Kwa wengi katika kaunti hizi lugha hiyo ni Dholuo, huku Kikuria kikizungumzwa upande wa Kehancha na Isebania, na Kisuba kikiwa na wasemaji wake katika visiwa vya Rusinga na Mfangano.

Mpangilio wa maneno hubadilika kutoka lugha hadi lugha. Kiingereza kinapoeleza nambari iliyopungua kwa tano, hutaja tano kwanza, kisha nambari yenyewe. Mwanafunzi anayefuata maneno kama yalivyo huandika 5 - n badala ya n - 5. Kwa Kiswahili, anayeambiwa "chukua n utoe 5" hupata mpangilio sahihi bila kusumbuka.

Kwa upande mwingine, lugha hizi zina hazina ya aljebra ndani yake. Katika Dholuo, 23 huitwa piero ariyo gadek, yaani makumi mawili na tatu. Hiyo ni sawa na kusema 10 mara 2, kisha kuongeza 3. Mtoto anayeizungumza lugha hiyo tayari anatamka muundo wa 10a + b kila anapohesabu mbuzi. Mwalimu anayelitambua jambo hilo hana haja ya kuanza kutoka sufuri.

Juhudi za kuwapiga walimu msasa

Mpango mkubwa zaidi wa kuboresha ufundishaji wa hisabati nchini katika miaka hiyo ulikuwa SMASSE, ulioanzishwa mwaka wa 1998 na serikali ya Kenya kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japan, JICA. Ulianza kwa majaribio katika wilaya tisa, zikiwemo Kisii ya Kati na Gucha zilizo jirani na eneo hili. Mwaka wa 2003 ulipanuliwa kuwa wa kitaifa na kuzifikia pia wilaya zilizotokana na ile ya zamani ya Nyanza Kusini, ambazo leo ndizo kaunti za Migori na Homa Bay.

Uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa mpango huo ulitaja miongoni mwa vikwazo mtazamo hasi kuhusu somo, mbinu duni za ufundishaji, umilisi hafifu wa maudhui na uhaba wa vifaa. Walimu walikusanywa wakati wa likizo na kufunzwa na wenzao waliokuwa wamepokea mafunzo ya kitaifa.

Kiini cha mafunzo hayo kilikuwa kuhamisha shughuli kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, kutumia majaribio, na kubuni vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana kijijini. Mwalimu alihimizwa kupanga somo, kulitekeleza, kulitathmini na kuliboresha. Kazi hiyo iliendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Wakati huo huo, madarasa yalizidi kujaa. Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka wa 2003, ruzuku ya karo ya shule za upili ikafuata mwaka wa 2008, na sera ya kila mwanafunzi kujiunga na kidato cha kwanza ikatiliwa mkazo mwaka wa 2018. Hatua hizo ziliwafungulia mlango watoto wengi wa familia maskini, lakini pia ziliongeza idadi ya madaftari ambayo mwalimu mmoja anapaswa kuyasoma. Na ni katika kusoma daftari, si katika kuhesabu alama, ambapo makosa yaliyoelezwa hapa hugunduliwa.

Mtaala mpya

Mtaala wa umilisi umeileta aljebra mapema zaidi. Wanafunzi wa Gredi ya 7, waliojiunga na sekondari ya chini kwa mara ya kwanza mwaka wa 2023, husoma semi za aljebra, milinganyo na kutolingana. Matriki, ambayo chini ya 8-4-4 yalingoja hadi kidato cha tatu, sasa yamo katika Gredi ya 9.

Mwaka wa 2025, baada ya mjadala mkali kuhusu iwapo hisabati ingekuwa ya hiari katika sekondari ya juu, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba itabaki kuwa ya lazima. Wanaochagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wangesoma hisabati ya msingi wa kina, huku walio katika mikondo mingine miwili wakisoma hisabati ya mahitaji ya kila siku.

Maana yake ni kwamba uamuzi kuhusu mkondo wa mwanafunzi hutegemea kwa kiasi kikubwa yale yanayotokea kati ya Gredi ya 7 na ya 9. Msichana wa Nyatike au mvulana wa Suba anayeichukia hisabati kwa sababu hakuelezwa x ni nini, aweza kufungiwa njia ya uhandisi na udaktari kabla hajatimiza miaka 16.

Kinachoweza kufanywa darasani

Hakuna hata moja kati ya hatua zinazopendekezwa na utafiti huu inayohitaji maabara au kompyuta. Ya kwanza ni kumtaka mwanafunzi aandike, kabla ya mlinganyo wowote, sentensi moja inayosema herufi inawakilisha idadi ya nini. Ya pili ni kuuzoesha mkono kujaribu jibu kwa nambari, kama ilivyofanywa kwa mitumbwi na wavuvi.

Ya tatu ni kuandika hesabu zenye shughuli pande zote mbili za alama ya usawa tangu shule ya msingi. Ya nne ni kuchelewesha kanuni za mkato hadi mwanafunzi aweze kueleza sababu yake. Ya tano, na iliyo muhimu kuliko zote, ni kuuliza "umepataje?" hata pale jibu linapokuwa sahihi.

Chuo Kikuu cha Rongo katika Kaunti ya Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay hufunza walimu karibu kabisa na shule hizo. Wanafunzi wao wa ualimu wanaweza kuyakusanya makosa ya madaftarini, kuyapanga kwa aina, na kuyarejesha kwa walimu kabla ya muhula kwisha.

Mtoto wa ufuoni ambaye ameandika "x ni idadi ya makopo ya omena" juu ya mlinganyo wake hajapata jibu bado. Lakini tayari ameacha kuiogopa herufi, na hatua zilizosalia ni zile zile anazozifanya sokoni kila Jumamosi.